Kabla Hujaingia Mkutanoni: Kwa Mnaoanza Kazi Kwenye Kampuni ya Kijapani

Kila Aprili, mwaka mpya wa fedha wa Japani unapoanza, ofisini huingia wageni wenye shahada nzuri na Kijapani cha kuungaunga. Wamo wenzetu wa Afrika Mashariki waliokuja kusoma kupitia ABE Initiative, mpango wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, ulioanza 2014. Ninyi mnaoingia kampuni za ushauri wa uhandisi, ukaguzi wa hesabu au sheria, msihangaike sana na kuinama na kadi za majina. Hayo mtayashika ndani ya wiki mbili. Kinachowakwamisha wengi ni mkutano.

Sisi tumezoea kwamba mkutanoni ndipo watu wanapobishana hadi wapatane. Huku uamuzi huwa umeshapikwa. Ukisimama mbele ya wakuu na wazo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, hata liwe zuri vipi, wataitikia kwa adabu, mmoja atasema litafikiriwa, na hutalisikia tena. Kazi yenyewe hufanyika kabla, nao huiita nemawashi. Unampitia mmoja mmoja mezani kwake, unamwonyesha rasimu, unasikiliza anachokihofia, unarekebisha, kisha unakwenda kwa mwingine. Anza na senpai, yaani mwenzako aliyekutangulia kazini, aliyekaa jirani yako, ufuate kiongozi wa timu, mkuu wa idara awe wa mwisho. Usimruke mtu, hasa yule mzee mkimya asiye na cheo cha kutisha. Mara nyingi ndiye wakuu wanayemuuliza pembeni. Baada ya hapo waraka huzungushwa, kila mhusika akigonga muhuri wake, au siku hizi akibofya tu kwenye mfumo.

Inachosha, sikatai. Kuna wiki utajiuliza kama umeajiriwa kufanya kazi au kuomba ruhusa. Lakini jambo likishapita, utekelezaji huenda kasi, maana hakuna wa kusimama katikati ya safari akadai hakuambiwa.

La pili linafanana na hilo: toa taarifa hata kama hujaulizwa. Kwetu, anayemwendea bosi mara kwa mara huonekana hajiwezi. Hapa anayenyamaza ndiye anayetiliwa shaka. Kazi ya Ijumaa ikionyesha dalili za kuchelewa, sema Jumanne: umefika wapi, umekwama wapi, unapendekeza nini. Mistari mitatu inatosha.

Kuhusu saa za ziada, msikubali hadithi kwamba Japani haina kikomo. Sheria iliyoanza kutumika Aprili 2019 kwa kampuni kubwa, na mwaka uliofuata kwa ndogo, kwa kawaida inaruhusu saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Hata penye makubaliano maalumu, mwaka hauzidi 720. Kwa hiyo jaza saa zako kwa ukweli, hata ukiona wenzako wanapunguza zao. Wakaguzi wa hesabu, jiandaeni kwa Aprili na Mei, kwani kampuni nyingi hufunga vitabu Machi 31.

Likizo ya malipo ni siku 10 baada ya miezi sita ya kazi, na mwenye siku hizo mwajiri analazimika kuhakikisha anachukua angalau 5 kwa mwaka. Omba mapema, acha makabidhiano ya maandishi, uende nyumbani. Ukirudi, leta kitu kidogo cha kugawia idara nzima. Korosho zinafaa, na kahawa ya Kilimanjaro wanaijua kwa jina.

Kwenye vinywaji vya jioni na wenzako wa kazini, kama hunywi pombe, agiza chai ya oolong. Hakuna atakayekukagua glasi.

Sasa pesa. Kodi ya wakazi hukokotolewa kwa kipato cha mwaka uliopita, takriban asilimia 10 ya kiasi kinachotozwa kodi. Aliyetoka chuoni bila kipato haioni mwaka wa kwanza, halafu Juni ya mwaka wa pili mshahara unapungua ghafla na anadhani kakatwa kimakosa. Anza kuweka akiba sasa. Na ukihama kampuni, wajulishe Uhamiaji ndani ya siku 14. Jukumu hilo ni lako, si la mwajiri.