Testi ya kwanza imeniangusha: majibu kwa wanaoanza uhandisi

Tangu vyuo vifunguliwe, maswali mengi ninayopata yanatoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na wa DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam). Wiki hii nawajibu wao, na mzazi mmoja.

Shikamoo dada. Kidato cha sita nilipata divisheni wani ya PCM (fizikia, kemia na hesabu) na hesabu niliongoza shule nzima. Testi ya kwanza ya hesabu chuoni nimepata 7 kwa 20. Naogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo. Nihamie kozi nyingine? (Mwanafunzi, Mabibo)

Marahaba, mdogo wangu. Usihame kwa sababu ya testi moja. Kwa utaratibu uliozoeleka, kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na testi yako ni sehemu tu ya zile 40. Tafuta karatasi ya maelezo ya kozi mliyopewa wiki ya kwanza uone ina uzito gani, ujue hasa umepoteza alama ngapi. Halafu jua kwamba anayeanguka somo huwa anapewa nafasi ya sapu, yaani mtihani wa marudio. Testi moja ya mwanzo wa muhula haimfukuzi mtu chuo.

Sasa tuzungumzie kilichokuangusha. Sekondari mada moja mliipitia, mkairudia, mkafanya pasti pepa za NECTA mpaka mkajua swali la aina gani linakaa wapi. Chuoni mhadhiri anamaliza mada kwa vipindi viwili na kusonga mbele. Wanaoumia zaidi mara nyingi ni ninyi wa PCM mliofaulu vizuri, kwa sababu wiki za mwanzo mnaona limiti na kalkulasi ubaoni mnasema "hili nalijua". Mnaacha kufanya mazoezi, na mnaposhtuka kozi imeshafika kwenye mada msizozijua.

Halafu maswali yenyewe yamebadilika. Chukua lile la ngazi iliyoegemea ukuta, mtu amepanda hadi katikati, unaulizwa kama itateleza. Mwenye mazoea ya kukariri anatafuta fomula. Hakuna fomula ya ngazi. Unachora ngazi peke yake, unaondoa ukuta na sakafu, na mahali pa kila ulichoondoa unaweka nguvu: msukumo wa ukuta, msukumo wa sakafu, msuguano, uzito wa ngazi, uzito wa mtu. Ukishamaliza mchoro ndipo unaandika milinganyo. Nimesahihisha kazi nyingi za wanaoanza, na wengi wanakosea kwenye mchoro kabla hata hawajagusa kalkuleta.

Kwa hiyo siku ya kipindi, usiku usilale kabla hujafanya maswali mawili ya mada ile, daftari la noti likiwa limefungwa. Ukikwama, andika umekwama mstari gani, uende na mstari huo kwenye tyutoria. Mwalimu akiulizwa "sijaelewa sura ya tatu" hana pa kuanzia. Akiulizwa "kwa nini hapa msuguano unaelekea kushoto" atakusaidia kwa dakika mbili. Tafuta wenzako watatu wa kusoma nao, kila mmoja asimame aeleze swali moja. Na tafadhali, yale majibu ya asaimenti yanayosambazwa WhatsApp usiku wa kuamkia siku ya kukusanya yaache yapite. Yanakupa alama chache za kazi za nyumbani na kukunyima zile 60.

Dada, mimi sikusoma shule ya ufundi. Wenzangu waliotoka Ifunda na Tanga Tech wanamaliza mchoro wa kihandisi mimi bado nafuta mstari wa kwanza. Nifanyeje? (Mwanafunzi, DIT)

Nunua kipande cha sabuni ya mche. Kichonge kwa kisu kiwe na ngazi upande mmoja na mfereji upande mwingine, kisha kitazame kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni, na uchore unachokiona kila upande. Kigeuze, uchore tena. Tatizo lako si mkono, ni kwamba jicho halijazoea kuona umbo la pande tatu kwenye karatasi bapa, na hilo linafundishika. Tumia penseli ya 2H kwa mistari ya kuanzia na HB kwa ile ya mwisho, bila kukandamiza. Utafuta kidogo sana. Kisha kaa jirani na huyo wa Ifunda. Yeye huenda anahangaika na kalkulasi, mkabadilishana.

Kundi letu la karakana tuko sita, msichana ni mimi peke yangu. Kaka zangu wanashika mashine, mimi naambiwa niandike ripoti kwa sababu nina mwandiko mzuri. (Mwanafunzi, Changanyikeni)

Hili linaniuma, mdogo wangu, maana linaonekana dogo. Baada ya miaka minne ya kuandika ripoti utakuwa na cheti cha uhandisi na hujawahi kusimama mbele ya kerezo, mashine ya kuchonga vyuma. Usisubiri wakukumbuke. Kabla ya kipindi kijacho, pendekeza zamu kwa maandishi: wiki hii fulani anaandika, fulani anapima, fulani yuko kwenye mashine, wiki ijayo mnazunguka. Wakipinga, mweleze fundi sanifu wa karakana. Jukumu lake ni kuhakikisha kila mmoja wenu amefanya kazi kwa mikono. Funga nywele, vaa viatu vilivyofunika vidole, na uanze wewe.

Bumu (fedha ya kujikimu) likiingia, nyumbani wanajua siku ileile. Nikituma, nakula mlo mmoja. Nisipotuma, najisikia vibaya. (Mwanafunzi, Mlimani)

Pole. Fedha ile imehesabiwa kwa chakula chako na malazi, na ni mkopo: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Mweleze mama hivyo, kwa upole, kabla awamu nyingine haijaingia. Lipa kwanza pango na chakula cha kipindi chote, kisha kama kuna kinachobaki, taja kiasi kimoja utakachotuma mara moja kwa awamu. Mwanafunzi mwenye njaa hafaulu, na mama yako hakukuombea chuo ili ulale njaa.

Nakaa kwa mjomba Gongo la Mboto. Nikifika nyumbani nimechoka, vitabu sigusi. (Mwanafunzi, Mlimani)

Usirudi mara kipindi kinapoisha. Kaa maktaba foleni ipungue, umalize maswali ya siku hukohuko, nyumbani ufike kula na kulala. Mjomba aambiwe mapema, asidhani unazurura.

Mhandisi, habari za kazi. Mwanangu akimaliza miaka minne ataitwa injinia moja kwa moja? (Mzazi, Kimara)

Nzuri, mzee wangu. Bado. Akihitimu ataomba Bodi ya Usajili wa Wahandisi imsajili kama mhandisi mhitimu, kisha afanye kazi chini ya uangalizi wa mhandisi aliyesajiliwa, kwa kawaida miaka mitatu, ndipo aombe usajili wa mhandisi kamili. Mwambie aanze sasa kuweka kumbukumbu za mafunzo yake ya vitendo, kila kiwanda na kila kazi aliyoishika, zikiwa zimesainiwa na msimamizi wake.