Ubao unazima mtetemo au unaufifisha?

Swali limetoka kwa kijana wa Matondoni, Lamu, anasomea ufundi mitambo: "Mwalimu shikamoo, napima mbao za mbambakofi na msaji nione ipi inameza zaidi mtetemo wa injini ya mashua. Kwenye ripoti nimeandika inazima, inazuia, inapunguza, msimamizi kakata zote tatu. Nisemeje?"

Marahaba mwanangu. Msimamizi yuko sawa na sababu iko kwenye jaribio lako mwenyewe, manake unabana ncha moja ya ubao kwenye jiliwa, unabandika kihisi cha kupima mtetemo, unagonga kidogo halafu unaachia, ubao unatetema wenyewe na kwenye grafu kila kilele kinakuwa kifupi kuliko kilichotangulia mpaka mstari unalala. Hapo hakuna kilichozimwa, kuzima ni kwa mara moja, unazima taa, unazima injini. Kuzuia ni pale unapoweka raba chini ya injini mtetemo usifike kwenye mbao, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kupunguza si kosa ila ni pana mno, hata ukipunguza mwendo wa injini si umepunguza mtetemo?

Neno lako ni kufifisha. Sauti inafifia, rangi inafifia, yaani inapungua kidogokidogo hadi kuisha, na ndicho unachokiona kwenye grafu. Mtetemo unafifia, ubao unaufifisha, na sifa unayoipima ni ufifishaji. Usije ukaandika "ubao umefifia" tafadhali, hapo umesema rangi yake imechujuka.

Namba nazo zipe majina yake. Tuseme kilele kimoja ni 10 na kinachofuata ni 8, gawa upate 1.25, logi asilia yake (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ni kama 0.223, hiyo ndio dekrimenti ya logi, ukiigawa kwa 2π unapata takriban 0.036, huo ndio uwiano wa ufifishaji (hesabu hii ya mkato inafaa pale ufifishaji ukiwa mdogo, na kwa ubao mkavu huwa mdogo).

Ila kuna kitu naona wengi wanakipita. Sehemu ya nguvu ya mtetemo inapotelea kwenye jiliwa na kwenye waya wa kihisi, na unyevu wa ubao pia unabadilisha jibu, kwa hiyo "mbambakofi inafifisha zaidi" ni sentensi inayodai kuliko ulichopima. Andika "ubao huu wa mbambakofi, ukiwa mkavu na umebanwa ncha moja, ulififisha mtetemo kwa uwiano wa..." halafu weka namba yako.