Kabla Hujaenda Kufundisha Moroni, Jifunze Kuamkia

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana wa Makorora, hapa Tanga, ambaye nilimfundisha alipokuwa kidato cha pili. Aliandika: "Shikamoo Mwalimu. Nimepata mkataba wa kufundisha Kiingereza Moroni. Nibebe nini?" Nilimjibu "Marahaba, mwanangu," kisha nikaiweka simu chini, kwa sababu neno hilo moja lilinirudisha kwenye jambo ambalo sijapata kulieleza hadharani kwa takriban miaka 20.

Nilikwenda Moroni, mji mkuu wa Komoro, mwaka 2004, kufundisha katika shule moja ya binafsi. Nilikwenda na majivuno ya mtu aliyekulia kwenye baraza za Ngamiani, anayeamini kuwa Kiswahili fasaha ni mali ya kwao, nikidhani kwamba watu wa Ngazidja, kisiwa ulipo mji huo, wanasema Kiswahili kilichoharibika. Sikujua kuwa Shingazidja, yaani Kikomoro cha kisiwa hicho, ni lugha kamili, ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Kibantu liitwalo Sabaki, wala haikutoka tumboni mwa Kiswahili.

Wiki ya kwanza niligawa madaftari. Mvulana mmoja wa dawati la mbele alilipokea la kwake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Marahaba." Kwetu mtoto hamwambii mwalimu marahaba; hilo ni jibu la mkubwa kwa mdogo aliyemwamkia. Niliona amenivunjia heshima mbele ya wenzake, nikamsimamisha mbele ya darasa hadi kengele ilipolia, naye akasimama bila kuuliza kosa lake. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenieleza baadaye kwamba marahaba kwa Kikomoro ni asante. Kesho yake nilimwomba radhi mtoto yule mbele ya darasa lote, jambo ambalo walimu wa zama zangu hawakulizoea, lakini hadi leo nikikumbuka alivyokuwa amelikumbatia lile daftari kifuani, roho huniuma.

Baada ya hapo nilikubali kuwa mwanafunzi. Mdogo humwamkia mkubwa kwa kusema "kwezi", na mkubwa huitikia "mbona", neno ambalo kwetu lingesikika kama lawama. Bangweni, kwenye uwanja ambako wanaume huzungumza jioni, mtu haketi popote apendapo, kwani waliokwisha kufanya ndoa kubwa iitwayo Anda wana nafasi zao. Tena nilifundishwa thamani ya maji. Ngazidja haina mto wa kudumu, kwa kuwa mvua hupenya moja kwa moja kwenye mwamba wa volkano; kwa hiyo nyumba nyingi huyapokea maji kutoka paani, yakapita kwenye mlizamu na kuingia katika birika la saruji.

Novemba 2005 mlima Karthala ulilipuka. Majivu yaliangukia Moroni, yakatanda juu ya mapaa, juu ya majani ya migomba na juu ya nguo zilizoanikwa, na nilipofunua birika la nyumba niliyopanga nilikuta maji ya kijivu yenye utando. Wageni wenzangu, ambao kila Jumapili nilikula nao ugali huku tukiwasema wenyeji, walikuwa na kiu kama mimi. Jioni nilisikia hodi. Alikuwa mama wa yule mvulana, amefuatana na mwanawe aliyebeba dumu la maji begani. Wao walikuwa wameung'oa mlizamu mapema na kulifunika birika lao. Nilisema marahaba, nikashindwa kuendelea.

Kwa hiyo nawaambia walimu wote mnaotamani, kama nilivyotamani mimi, kufundisha nje ya nchi: msijifungie na watu wa kwenu. Amkieni kwanza. Msimsahihishe mtu lugha yake akiwa nyumbani kwake. Jirani uliyemwamkia ndiye atakayekubishia hodi siku ya majivu, nami nalisema hili kwa sababu nililiona kwa macho yangu.

Na mkataba usomeni neno kwa neno. Mimi niliahidiwa nauli ya kurudi kwa mdomo, na miaka miwili ilipokwisha hakuna aliyeikumbuka ahadi hiyo. Nililipia ndege hadi Dar es Salaam kwa akiba niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya kuezeka nyumba ya mama yangu Pongwe, naye akapitisha masika mengine chini ya makuti yanayovuja. Hilo bado sijalisamehe.

Usiku ule nilimwandikia kijana wa Makorora orodha fupi: dumu lenye mfuniko unaokaza, nakala mbili za mkataba, moja amwachie mama yake, na kitabu chochote cha sarufi ya Kifaransa, maana ofisi za kule huandika kwa lugha hiyo. Nikamwongezea maneno matatu ayakariri kabla hajapanda ndege, na maana ya kila moja pembeni: kwezi, mbona, marahaba.