Re: Negativu za mzee za mbio za Birmingham (USITUPE!)

Mkuu, kabla hujafunga begi, zitoe hizo negativu, filamu za mbio za magari alizopiga mzee wako, kwenye mfuko wa takataka. Sasa hivi. Roli nne hazifiki hata uzito wa simu yako, halafu unasema unapunguza mzigo wa kurudi nao Dar?

Eti "studio wameshaziweka zote kwenye sidii". Fungua faili moja uangalie ukubwa wake. Picha za sidii nyingi za studio ni pikseli (vidoti vya picha) 1840 kwa 1232. Gari likichukua robo ya upana wa picha limepata pikseli 460. Namba ya ubavuni, tuseme sehemu ya kumi ya gari, imebakiwa na 46, na waya wa uzio umepita juu yake. Hapo 3 na 8 ni mapacha. Negativu hiyohiyo ukiiskani kwa dpi 3200 (vidoti kwa kila inchi) unapata upana wa pikseli 4500 na ushei, na namba inasomeka. Hifadhi kama TIFF ya biti 16, faili lisilopunguza ubora. Kila picha itakula kama MB 80, ndiyo, diski utanunua.

Yule fundi aliyeniambia "ikishaskaniwa ni uchafu tu, bosi", siku nikimwona namlipa kwa sidii.

Na si pikseli tu. Pembeni mwa utepe, karibu na matundu, kuna namba za kiwandani: 13, 13A, 14, 14A. Hiyo ndiyo saa ya mzee wako. Kama fremu ya 14 lami ni kavu na ya 15 matairi yanarusha maji, umejua mvua iliingia wapi. Faili za studio hazikwambii hilo: utepe ukiingizwa kinyume zinahesabiwa kutoka mwisho, na mashine ikiruka fremu yenye giza, hesabu yote inasogea. Kwa hiyo vipande vya fremu sita viache hivyohivyo, usikate mojamoja.

Shika kingo tu. Vumbi lipulize kwa pampu ndogo ya mpira, siyo kwa mdomo, mate yanaacha doa. Upande usiong'aa ndio wenye picha. Ukiukwaruza huo, pole. Mifuko iwe ya plastiki ya polipropilini, plastiki ya PVC hugandana na filamu. Na kwa joto la Dar kuvu hawabishi hodi: boksi linalofunga vizuri, silika jeli ndani (vile vipakiti vya kunyonya unyevu), ikishashiba unyevu badilisha.

Umeuliza picha ni za mwaka gani. Superprix, hizo mbio za magari kwenye mitaa ya Birmingham, Uingereza, ilikuwa 1986 hadi 1990, wikiendi ya sikukuu ya mwisho wa Agosti. Barabara ikiwa imegeuka mto, anza na 1986: masalia ya kimbunga Charley yaliwafikia, mbio za Formula 3000 (daraja la chini ya Formula 1) zikakatishwa kabla ya mizunguko 51 kutimia, mshindi Luis Pérez-Sala. Gari la manjano lenye tangazo la sigara za Camel na jina la dereva Jean Alesi ni 1989, na alishinda. Manjano peke yake isikudanganye, 1990 rangi hiyo ilikuwepo pia. Lazima usome jina.

Kona alipokaa mzee utaijua kwa vibao vya maduka na barabara nyuma ya magari, kama ni Bristol Street au Belgrave Middleway. Kwenye sidii yako hivyo vibao ni ukungu. Begi limeshafungwa?