Shafti ya pampu ya maji imekatika: je, Bedford ya marehemu baba iende kwa vyuma chakavu?

SWALI

Mzee wetu wa safu ya magari, nakusalimu kwa heshima kutoka Arua. Marehemu baba alituachia lori la Bedford TJ, injini ya dizeli, ambalo mpaka mwezi uliopita lilikuwa likibeba matofali na mchanga bila ya kutusumbua sana. Siku hiyo tulikuwa tukirudi kutoka Nebbi na mzigo, nikasikia chuma kikikwaruza mbele, kisha mvuke ukafunika kioo. Tulipofungua boneti tukakuta shafti ya pampu ya maji imekatika, na feni imeiangukia rejeta na kutoboa mirija yake. Fundi alipokuwa akiitoa pampu, bolti moja ikakatikia ndani ya bloku. Sasa ananishauri niliuze lori kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa, asemavyo, spea zake hazipo tena. Mama hataki kabisa kusikia habari hiyo. Je, pampu inaweza kupatikana, au hii ifufuliwe? Na kwa nini ilikatika, ilhali mwaka jana ilivuja kidogo tu na tukaitengeneza? Nimekutumia picha tatu.

Msomaji, Arua

JIBU

Ndugu yangu, pole sana, na umwambie mama kwamba yuko sahihi. Lori halikatwi vipande kwa sababu ya pampu ya maji. Lakini kabla hatujazungumzia pampu nyingine, naomba uitazame tena picha ya pili uliyonitumia, chini ya shingo ya pampu, kati ya puli na mahali inapoungana na injini. Pana kitundu kidogo kisichopitisha hata kalamu, nacho kimezibwa kwa gundi ya chuma ya rangi ya kijivu, kisha kikapakwa rangi juu yake. Huko ndiko "kutengenezwa" kwa mwaka jana, na ndiko ugonjwa ulikoanzia.

Kitundu hicho kiliwekwa makusudi na waliounda pampu. Ndani ya pampu shafti hupita katika sili, yaani kizuizi cha maji. Upande mmoja wa sili kuna maji na upande wa pili kuna beringi. Sili inapochoka, maji machache hupenya, na kitundu kipo ili maji hayo yadondoke chini badala ya kuifikia beringi. Tone likionekana hapo, pampu inaomba sili mpya, na mara nyingi hukupa muda wa kuipangia kazi hiyo. Aliyewatengenezea aliliona tone akaliziba. Maji yalipokosa njia ya kutoka yaliingia katika beringi, yakaosha grisi, kutu ikaanza, beringi ikalegea, na shafti iliyobeba feni nzima ikawa inayumba katika kila mzunguko mpaka chuma kilipochoka. Ukitaka kuhakikisha, futa mafuta mahali ilipokatika uangalie juani: sehemu laini yenye mistari myembamba iliyopinda, kama ile ambayo mawimbi huiacha mchangani, ni mpasuko wa siku nyingi, na sehemu yenye chembe zinazong'aa ni ile iliyovunjika siku ileile ya Nebbi.

Kuhusu spea, fundi wako ana ukweli nusu. Bedford, iliyoanza mwaka 1931 chini ya kampuni ya magari ya Vauxhall ya Uingereza, haiundwi tena. Kiwanda cha malori cha Dunstable kiliuzwa mwaka 1987, na kampuni iliyokirithi, AWD, ikafilisika mwaka 1992. Hata hivyo malori haya yaliuzwa katika nchi nyingi mno kiasi kwamba spea zake hazikufa pamoja na kiwanda. Huko Pakistani Bedford bado zinabeba mizigo zikiwa zimepambwa rangi tele, na spea zake zinaundwa hukohuko.

Ukiagiza, usimwambie muuzaji wa Kisekka, soko la spea la Kampala, kwamba unataka "pampu ya Bedford", wala usiseme "Bedford 300" ukadhani umemaliza. Ile 300 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, yaani lita 4.9, na Bedford waliunda injini ya petroli na ya dizeli zenye ukubwa huohuo. Kisha kuna dizeli ya 330, yaani lita 5.4. Tena lori lililopita mikononi mwa watu wengi huenda lilikwisha kubadilishiwa injini. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku, na uende na pampu yenyewe mkononi ili mlinganishe matundu ya bolti, urefu wa shafti na kimo cha puli.

Mimi lakini, kama kasha halina ufa, ningeifufua hiyohiyo. Kasha ni la chuma cha kusubu, nene, na kilichokufa ni vitu vya ndani tu: shafti, beringi na sili. Mafundi wakerezaji wa Katwe, Kampala, wanaiweza kazi hii, na bila shaka hata Arua yupo mwenye mashine. Jambo ambalo nakusihi lisisahauliwe ni vipimo viwili vya kuchukuliwa kabla kitu chochote hakijang'olewa: impela, yaani gurudumu linalosukuma maji, imezama kiasi gani kutoka kwenye uso wa kasha, na kitako cha puli kimesimama umbali gani mbele yake. Impela ikizidi kusogea nje itakwaruza bloku, ikizidi kuzama haitasukuma maji vizuri. Puli nayo ikipotoka kwenye mstari, mkanda utaliwa. Beringi mpya ikiingizwa, kasha lipashwe moto kwanza katika maji yanayochemka, na shinikizo liwe kwenye duara la nje la beringi, kamwe si kwenye shafti. Mwisho gundi yote ikwanguliwe na kitundu kizibuliwe mpaka uone mwanga.

Bolti iliyobaki isikutishe. Imwagie mafuta ya kupenya kwa siku mbili, asubuhi na jioni. Ikiwa kipande kimechomoza, mchomeleaji aweke nati juu yake na kuichomelea kwa ndani. Joto lenyewe hulegeza kutu, na nati ikishapoa kidogo izungushwe mbele na nyuma taratibu. Ikiwa imekatika sawa na uso wa bloku, itobolewe katikati barabara kwa keekee nyembamba, kisha ya pili iliyo kubwa zaidi. Fundi asiwe na haraka hapa, kwa maana keekee ikikengeuka itakula uzi wa bloku.

Rejeta ya shaba huzibwa kwa risasi ya kulehemu. Feni je? Picha ya tatu inaonyesha panga moja la feni lenye alama ya kuchomelewa zamani, nami nisingelirudisha, kwa sababu feni isiyo na mizani huipiga beringi mpya kama nyundo. Tafuta nyingine. Mkanda ukaze mpaka ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya upande mrefu ushuke kama milimita 12. Ukikazwa kama uzi wa gitaa utaivuta shafti upande mmoja.

Na maji. Arua iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka karibu na digrii 96 badala ya 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta chenye springi na mpira mzima, kinachoyabana maji yasichemke mapema, ni sehemu ya injini kama pistoni ilivyo. Maji ya kisima ya kila siku hutia kutu na chembe zake husaga sili, basi tia maji safi yaliyochanganywa na kulanti, dawa ya maji ya rejeta. Kama themostati, vali inayozuia maji yasizunguke hadi rejeta mpaka injini ipate joto, iliondolewa, irudishwe, kwani injini inayokimbia ikiwa baridi hula dizeli nyingi na kuta za silinda zake huisha mapema.

Siku ya kwanza liwashe bila mzigo, ulaze kadibodi chini ya pampu, ukae nalo nusu saa. Matone mawili matatu kutoka kwenye kitundu wakati sili mpya inajikalisha si neno. Yakiendelea hadi wiki ya pili, itoe pampu umrudishie mkerezaji aiangalie sili, na kitundu kibaki wazi.