Marathoni ya kilomita 5?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Tuandike "marathon" au "marathoni"? Na upatanisho wake ni upi? Nina sentensi hii: "Jumamosi nitashiriki marathoni ya kilomita 5 kuchangia ujenzi wa wodi." Au niseme "marathoni za kilomita 5"? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Andika marathoni, kwa irabu mwishoni, kama tulivyolifanyia stesheni. Ngeli yake ni I-ZI: marathoni imeanza, marathoni zimeanza. Ukitanguliza neno mbio, hilo ndilo linalotawala: mbio za marathoni zimeanza. Swali lako limekwisha. Sasa tuje kwenye sentensi yako, maana umenichokoza.

Marathoni ya kilomita 5! Hiyo "ya" yako ni sahihi kabisa. Kilichokosekana ni kilomita 37 na ushee.

Marathoni ni mahali huko Ugiriki, na jina lake huhusishwa na mmea wa shamari. Mwaka 490 KK Waathene waliwashinda Waajemi pale. Kisa cha tarishi aliyekimbia hadi Athens, akatangaza ushindi na kukata roho, kilikuja kusimuliwa karne nyingi baadaye. Herodoto, aliyeishi karibu zaidi na vita vile, anamtaja tarishi aliyetumwa Sparta kuomba msaada. Lakini kisa kilimpendeza Mfaransa Michel Bréal, akashauri yawepo mbio za namna hiyo katika Olimpiki ya 1896. Zikakimbiwa kilomita 40 hivi, akashinda Mgiriki Spyridon Louis. Mwaka 1908, London, mbio zilianzia kasri la Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la kifalme: kilomita 42.195. Urefu huo ukafanywa rasmi mwaka 1921. Kwa hiyo zile mita 195 za mwishoni ni heshima kwa wafalme wa watu, nami sina sababu ya kuzipenda. Lakini zimo, na asiyezikimbia hajakimbia marathoni.

Muulize John Stephen Akhwari. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, Oktoba 1968, Mtanzania huyu alianguka njiani, goti likaumia vibaya. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshatanda na watazamaji wengi wamekwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Sasa chukua marathoni yako ya Jumamosi umpelekee Akhwari. Kilomita ya 5 angekuwa amekwisha kuvishwa medali, amepewa chupa ya maji na fulana, anapiga picha na mgeni rasmi. Goti zima! Tungekuwa na bingwa mwenye afya njema asiyekumbukwa na mtu. Au mfikirie Alphonce Simbu pale Tokyo, Septemba 2025. Alikimbia zaidi ya saa 2, kisha akampita Mjerumani kwenye mstari kwa sehemu tatu za mia za sekunde, Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Kuna watu wametoka jasho kwa ajili ya neno hili. Usiligawe bure pamoja na fulana.

Waandaaji hujitetea kwamba "marathoni" huvuta wadhamini. Sawa, na "karamu" huvuta wageni, lakini ukiwaandalia chai na andazi moja watakusema. Wengine hudai kwamba lugha hukua. Hukua, ndiyo, na ndiyo maana "nusu marathoni" siigombi: mwenye kusema nusu amekiri kwamba kuna nzima. "Kikao cha marathoni" nacho nimekichoka, ila nakiachia. Wanaokaa humo wameadhibiwa vya kutosha.

Kinachonikera zaidi ni kwamba maneno tunayo. Mnakusanyika alfajiri, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, mnakwenda kwa mwendo ambao hata mzee haachwi: huo ni mchakamchaka, na kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua. Kama lengo ni kuchangia wodi, ni mbio za hisani. Basi andika: "Jumamosi nitashiriki mbio za hisani za kilomita 5." Umeona "za" ilivyorudi? Mbio zimeidai.

Na usijiite "mwanamarathoni". Aliyekimbia zile 42 ni mkimbiaji wa marathoni. "Mwanariadha" ni neno pana zaidi, linamchukua hata mrusha mkuki. Wewe wa Jumamosi ni mchangiaji, tena mwema. Wodi itakushukuru hata ukitembea.