Kabla ya Kuimba Flamenko, Kaa Nyuma ya Mchezaji

Vijana wengi wa nyumbani, hasa waimbaji wa taarabu na wa kwaya, huniandikia: "Dada, nami nataka kuimba flamenko, nianzie wapi?" Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Jerez de la Frontera, kusini mwa Hispania, ulikozaliwa muziki huu wa sauti, gitaa, makofi na dansi, na jibu langu halijabadilika. Anzia mikononi.

Mimi nilianzia kooni, na yalinikuta. Nilikuja na sauti niliyosifiwa tangu utotoni. Nikawa nasikiliza rekodi za Camarón de la Isla, mwimbaji mashuhuri wa flamenko, usiku na mchana, huku nikiikwaruza koo nifanane naye. Baada ya miezi minane, kila nikipanda juu sauti inakatika. Daktari akanionyesha kwenye skrini vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, akanipiga marufuku kuimba kwa wiki sita. Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Mwalimu wangu, mama mtu mzima wa mtaa wa Santiago, aliposikia aliniambia, "Basi njoo upige makofi." Aliniketisha jikoni kwake, akakunja ngumi, akaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole. Mzunguko wa buleria, mtindo wa flamenko wa kasi, una mapigo 12, na mkazo huangukia la 12, la 3, la 6, la 8 na la 10. Ndiyo, unaanza na la 12, na hapo ndipo wageni wengi tunapotea. Vijiko vikawa vinacheza ndani ya vikombe. Kila nilipopotea hakunikemea. Aligonga la 10 kwa nguvu zaidi, maana hapo ndipo kauli hufungwa, kisha akaningoja nirudi. Wiki ya nne nilijikuta napiga makofi huku namsimulia habari za mama yangu, bila kuhesabu.

Sauti iliporudi sikupewa kiti cha mbele, na leo nashukuru. Nilipelekwa kuwaimbia wachezaji wa dansi, nikiwa nyuma yao. Ukimwimbia mchezaji, macho yako yapo miguuni pake. Akiita kwa kisigino, unaingia. Akianza kukanyaga mfululizo, unanyamaza na kumshikilia kwa makofi, hata kama ubeti umekuja mpaka ncha ya ulimi. Kunyamaza huko ndiko kulikonipa pumzi, na pumzi ndiyo iliyoniponya koo. Nilikuwa sisukumi tena.

Camarón mwenyewe hakushuka kutoka mbinguni. Jina lake ni José Monje Cruz, mtoto wa mhunzi, aliyezaliwa San Fernando, mkoa wa Cádiz, mwaka 1950. Alipofika Madrid aliimba miaka na miaka kwenye ukumbi wa Torres Bermejas, usiku baada ya usiku. Albamu yake ya 1979, iliyoingiza ngoma za kisasa na ala za umeme, iliwakera wengi waliopenda flamenko ya kale. Lakini isikilizeni vizuri: katikati ya ala zote zile mapigo hayamponyoki hata mara moja. Halafu yupo Chano Lobato wa Cádiz, aliyezaliwa 1927. Miaka mingi ya maisha yake aliimba nyuma ya wachezaji, na sifa ya kuimba peke yake ikamjia akiwa mtu mzima kabisa. Huyu nampenda kupita kiasi. Ukimsikiliza, unamsikia mtu asiye na haraka.

Nawasihi pia msitengeneze ukwaruzo. Sauti za wazee zimekwaruzika kwa maumbile na kwa umri, hakuna dawa ya kuzipata mapema. Camarón alivuta sigara sana, na saratani ya mapafu ilimchukua mwaka 1992, akiwa na miaka 41 tu. Chukueni mapigo yake, sigara muiache.

Malipo ya kuimba nyuma ni madogo. Kwa miaka mitano nilitandika vitanda vya hoteli asubuhi ili jioni niweze kuimba, kwa hiyo usije huku bila kazi nyingine ya mkono.

Na kama bado uko Tanga au Mombasa na huna mwalimu, tafuta meza ya mbao isiyoyumba. Gonga solea kwanza, mtindo mwingine wa flamenko wa mapigo 12, iende polepole: la 3, la 6, la 8, la 10, la 12. Gonga mpaka mtu akikusemesha uweze kumjibu bila mkono kusimama. Siku hiyo niandikie, nitakutumia ubeti wa kwanza.